Ukichoka, Unajificha Wapi?

Hotuba hii niliitoa Jumapili asubuhi kwenye bonanza la vikundi vya jogging, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, mbio zikiwa zimekwisha na mechi za netiboli zikisubiri kuanza. Waliokuwa kazini, waliokuwa safarini na waliolala wameomba niiandike yote. Nimeiacha ilivyo. Nimeondoa tu ile sehemu spika ilipokorofisha tukabaki kupiga kelele za bure.

Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo?

Jogging oyee! Hapana, hiyo ni oyee ya watu waliokuja na bodaboda. Jogging oyee! Haya, hapo sawa.

Mwenyekiti, viongozi wa vikundi mliotoka Mbagala, Tandika, Yombo, Kigamboni na wageni wetu wa kutoka Tabata. Mama zetu wa kamati. Wanamichezo wenzangu mliokaa chini kwa sababu miguu imegoma: nawashukuru kwa kunipa maiki.

Niliombwa nijibu swali lililozua vita kwenye grupu letu la WhatsApp. Mchezo gani unataka mwili ulio fiti kuliko michezo yote? Mnakumbuka ilivyokuwa. Watu wa mpira walisema mpira. Watu wa ngumi wakasema ngumi, wakatukana kidogo, wakaomba radhi. Watu wa marathoni wakatuma picha za medali. Mzee mmoja, simtaji jina, na yuko hapa mbele amevaa kofia, akaandika kwamba ni drafti, kwa sababu yeye hukaa kwenye benchi tangu adhuhuri mpaka magharibi bila kunyoosha mgongo. Mzee wangu, heshima yako.

Mimi nina kipimo changu. Nimekaa na wanamichezo miaka mingi, wa ngumi, wa mbio, wa mpira, na nikimtazama mtu yuko mchezoni huwa najiuliza swali moja tu. Huyu akichoka, anajificha wapi?

Maana kuchoka, jamani, kila mchezo unachosha. Hata kufua kunachosha. Tofauti inakuja pale pumzi inapokata. Kuna mchezo ukichoka unakuruhusu utembee kidogo, hakuna anayeona. Kuna mchezo ukichoka unakuacha nyuma, basi. Na kuna mchezo ukichoka unakupiga. Sasa huo unaokupiga ndio unaodai mwili kamili, kwa sababu hauna kona ya kutegea. Ukichoka, unajificha wapi? Shikeni swali hilo, tutatembea nalo.

Kabla sijaanza safari yangu, niwape ya wenzetu. Mwaka 2004 kituo cha televisheni cha michezo cha Marekani, ESPN, kiliwaweka pamoja wataalamu wanane, wakapewa michezo 60 waitie alama kwenye mambo kumi: pumzi, nguvu, nguvu ya kulipuka, kasi, wepesi wa kugeuka, ulaini wa viungo, ujasiri, uwezo wa kuhimili vishindo, jicho na mkono kuelewana, na akili ya kuusoma mchezo. Ngumi ikashika namba moja. Hoki ya kwenye barafu ikawa ya pili, mpira wa Kimarekani wa tatu, kikapu cha nne, mieleka ya tano.

Mpira wetu wa miguu? Wa kumi! Msinizomee mimi, zomeeni Marekani.

Na wa 60, wa mwisho kabisa, ni kuvua samaki. Hapo ndipo nilipojua wale mabwana hawajawahi kusimama soko la samaki la Feri alfajiri wakaona vijana wanateremsha matenga, wala hawajawahi kushika kamba ya wavu pale ufukweni Kigamboni wakavuta na wenzao mpaka viganja vichubuke. Walikuwa wanamfikiria mtu aliyekaa kwenye kiti na mshipi, kinywaji pembeni.

Lakini nina shida nyingine na orodha ile. Inajumlisha. Inachukua ujasiri, inachukua pumzi, inachukua jicho, inapiga hesabu, inatoa namba. Mwili hauchoki kwa kujumlisha. Unachoka sehemu moja, sehemu ile ile ambayo mchezo unaihitaji wakati huo, na hapo ndipo unapoumbuka.

Tuanze na mpira, kwa sababu nikiuacha hapa sitoki salama. Mchezaji wa ndani kwenye mechi ya dakika 90 anakimbia kilomita 10, wengine 12, wachezaji wengine wa kiungo wanazidi. Ni nyingi. Lakini mtazameni anavyozipata. Sehemu kubwa ni kutembea na kukimbia polepole, halafu mara moja moja anakata mbio za sekunde chache, anarudi kutembea. Mpira una mahali pa kujificha, na mnapajua. Winga pumzi imekata, ghafla kamba ya kiatu imefunguka. Beki wa pembeni amepitwa, anamwonyesha mwenzake kidole, kana kwamba yule alikuwa zamu. Kipa analala chini, anashika paja, anaita daktari, na timu nzima inakimbilia chupa za maji. Mmeona? Watu wa Simba mmecheka mkijua nawasema Yanga. Watu wa Yanga nao wamecheka vile vile. Na siku hizi kocha ana ruhusa ya kubadilisha watano. Nusu ya timu ya ndani inakwenda kuoga!

Sisemi mpira ni rahisi. Kiungo wa kati anayekaba na kupandisha mashambulizi, yule namba nane wa kweli, huyo ni mwanariadha. Nasema tu kwamba mpira unasamehe.

Dada zangu wa netiboli, mko wapi? Nyinyi hamsamehewi. Robo nne, kila robo dakika 15. Ukishika mpira una sekunde tatu uwe umeutoa, na huruhusiwi kukimbia nao. Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya kuupata: unachomoka, unasimama ghafla, unageuka, unaruka, unachomoka tena, na kuna mtu amekuganda mgongoni. Senta ndiye anazunguka uwanja mzima isipokuwa zile nusu duara mbili za wafungaji. Yaani mahali pekee ambapo senta angeweza kupumzika, sheria inamkataza kuingia. Wanaume mnaosema netiboli ni mchezo wa kinadada, kuna mechi hapa muda si mrefu. Ingieni nafasi ya senta robo moja tu. Robo moja!

Sasa tuingie kwenye pumzi yenyewe, maana wengi tuliopo hapa ni watu wa mbio.

Wataalamu wana njia ya kupima pumzi. Wanakuweka kwenye mashine ya kukimbilia, wanakuvalisha barakoa, wanaongeza kasi mpaka ushindwe, na wanahesabu ni oksijeni kiasi gani mwili wako umeitumia kwa dakika moja kwa kila kilo ya uzito wako. Kijana wa kawaida asiyefanya mazoezi anapata mililita 40 hivi. Wakimbiaji wakubwa wanapita 70, wapo wanaopita 80. Lakini mnajua wanaoongoza ni watu wa mchezo gani? Si wakimbiaji. Ni watu wa baiskeli, na watu wa kuteleza kwenye theluji masafa marefu, wale wanaovaa mbao ndefu miguuni na kushika fimbo mbili mikononi. Mnorwei mmoja, Bjørn Dæhlie, alitajwa kufikia 96.

Kwa nini wao? Kwa sababu mkimbiaji anafanya kazi kubwa kwa miguu. Mtu wa theluji anasukuma kwa miguu, anavuta kwa mikono, anakunja tumbo, anakaza mgongo, vyote kwa wakati mmoja, na anapanda milima. Misuli yote inapiga kelele kwa moyo mmoja: lete damu! Lete damu!

Na hapa kuna hadithi ya jirani yetu. Mwaka 1998, Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, Japani. Kenya ikapeleka mtu mmoja, Philip Boit. Mkimbiaji wa mita 800 huyo, mtu wa Bonde la Ufa, mapafu ya kazi. Alichukuliwa akapelekwa Finland kufundishwa kuteleza, yeye ambaye alikuwa hajui theluji inafananaje. Siku ya kilomita 10, Dæhlie akashinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit akaja kwa dakika 47 na sekunde 25. Wa 92, wa mwisho. Dakika ishirini nyuma!

Je, Boit hakuwa na pumzi? Alikuwa nayo, tena nyingi. Ila pumzi yake ilizoea kulisha miguu. Mabega, mikono na mgongo vilipodai fungu lao, hesabu ikavurugika, na ufundi nao ulikuwa mchanga. Lakini nawaambia hili kwa sababu ya kilichofuata. Dæhlie, bingwa, mtu ambaye medali ilikuwa inamngoja, alikataa kwenda kupokea. Alisimama mstarini kwenye baridi mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kule Eldoret na viunga vyake kuna kijana wa Kikalenjin anaitwa Dæhlie, jamani.

Haya, marathoni. Mmesubiri.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ni kutoka Posta mpaka Kibaha, kwa mguu. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alizikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa mbili na sekunde 35. Hiyo ni kila mita 100 kwa sekunde 17 na kidogo. Vijana mnaojiona wepesi, jioni nendeni uwanjani, mpime mita 100, mzikimbie kwa sekunde 17. Wengi mtaweza. Halafu rudieni. Bila kusimama. Mara 422.

Ukichoka kwenye marathoni, unajificha wapi? Hujifichi, lakini unaweza kupunguza mwendo. Hiyo ndiyo huruma yake pekee: inakuacha nyuma, haikupigi. Na hapo ndipo mtu anapopimwa, kwa sababu kupunguza ni halali, kusimama ni halali, kupanda gari la wagonjwa ni halali.

John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968. Ile kauli yake kuhusu nchi kumtuma kumaliza mbio kila mtu hapa anaijua, ipo kwenye kila fulana ya marathoni, siirudii. Mimi nataka tumtazame goti lake. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na yeye alishaanza kubanwa na misuli. Karibu na nusu ya safari watu wakagombea nafasi, akaanguka. Goti likateguka, bega likagonga chini vibaya. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2, dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25, giza limeingia, watu wengi wameshakwenda zao. Wa 57 kati ya waliomaliza 57. Walioanza walikuwa 75.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi vijana. Watu husimulia habari ile kama habari ya moyo tu. Moyo ulikuwepo. Lakini mwili usio na matayarisho, ukiwa na goti lile, kwenye hewa ile, haufiki hata kama moyo unataka. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyo huyo alikuwa wa tano kwenye marathoni. Wa tano! Hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu aliyepatwa na ajali kazini.

Na Septemba 2025, Tokyo. Alphonce Simbu. (Hapa palipigwa makofi marefu, nikangoja.) Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Joto, unyevu, kilomita 42 zimekwisha, imebaki ile mita ya mwisho, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele. Simbu akamchukua mstarini. Wote wawili saa 2, dakika 9, sekunde 48. Picha ikaamua. Tofauti ni tatu kati ya mia moja za sekunde! Kwenye mashindano hayo hayo, fainali ya mita 100 ya wanaume, wa kwanza alimwacha wa pili kwa tano kati ya mia moja. Marathoni ilibana kuliko mita 100. Mwili gani huo unaobakisha mbio za kasi baada ya zaidi ya saa mbili za mbio? Huo haukujengwa wiki ya mwisho.

Niingize kidogo mchezo ambao hapa Dar tunao kwa njia yetu lakini hatuuiti mchezo: kupiga makasia. Kwenye Olimpiki wanakwenda mita 2,000. Kati ya dakika tano na nusu na saba hivi, kutegemea boti ina watu wangapi. Mtu anakaa kwenye kiti kinachoteleza, anasukuma kwa miguu, anavuta kwa mgongo, anamalizia kwa mikono. Na wanaanza kwa kasi mno, kwa hiyo mwili unakopa tangu mwanzo. Mnaijua mikopo ya kwenye simu? Unabonyeza, hela hii hapa. Ukiingiziwa chochote, inakatwa kwanza. Ndivyo misuli inavyofanya ukiilazimisha kabla oksijeni haijatosha: inakupa nguvu papo hapo, halafu inaanza kukata, na mpiga makasia anakatwa akiwa bado ana mita 1,200 mbele yake. Na akichoka anajificha wapi? Wenzake wako naye kwenye boti moja. Kasia lake likichelewa, boti zima linajua.

Steve Redgrave wa Uingereza alishinda dhahabu tano, Olimpiki tano mfululizo, tangu 1984 mpaka 2000. Baada ya ya nne, 1996, aliwaambia waandishi kwamba mtu yeyote akimwona tena karibu na boti ana ruhusa ya kumpiga risasi. Mwaka uliofuata akaambiwa ana kisukari. Akarudi kwenye boti hivyo hivyo, na Sydney, ana miaka 38, sindano za insulini pembeni, akachukua ya tano. Wazee wangu mnaoniambia "mwalimu, mimi sukari imepanda, mazoezi basi tena", mnanisikia?

Sasa. Ngumi.

Nataka tufanye kitu. Wote, hata mlioketi. Nyanyueni mikono, kunjeni ngumi, ziguse mashavu, viwiko vibane mbavu. Hivyo. Glovu za mazoezi zina karibu nusu kilo kila mkono, nyinyi hamna kitu, kwa hiyo msilalamike. Msishushe mpaka nimalize hadithi.

Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Usiku wa manane, karibu na alfajiri. George Foreman, miaka 25, bingwa wa dunia, hajawahi kupigwa. Joe Frazier, Foreman alimmaliza raundi ya pili. Ken Norton naye, Foreman alimmaliza raundi ya pili. Muhammad Ali ana miaka 32, na watu wake wa karibu wanaogopa kwamba leo atauawa. Joto la Kongo, unyevu, watu uwanja mzima wanaimba. Mikono juu! Dada wa fulana ya njano, naona kiwiko. Raundi ya pili Ali akaegemea kamba. Akaziba uso, akaziba mbavu, akamwambia mwenzake piga. Foreman akapiga. Akapiga mbavu, akapiga mikono, akapiga mabega, ngumi ambazo zingebomoa ukuta. Raundi ya tatu akapiga. Raundi ya nne akapiga. Raundi ya tano akapiga kwa hasira. Ali anamnong'oneza: hizo tu ndizo ulizonazo? Mzee, usishushe, wewe wa drafti! Raundi ya sita ngumi zikaanza kuchelewa. Ya saba, Foreman anamwegemea Ali badala ya kumpiga. Ya nane Ali akatoka kwenye kamba, akapiga mfululizo, mtu mzima akazunguka akaanguka.

Shusheni. Shusheni mikono!

Mabega yanasemaje? Mmeweka ngumi mashavuni muda mfupi tu, hakuna aliyewapiga, hakuna mliyempiga, na nusu yenu mlianza kudanganya nikiwa bado raundi ya tatu. Raundi ni dakika tatu. Mapumziko dakika moja. Ubingwa ni raundi 12.

Foreman alikuwa na nguvu kuliko Ali, hilo halina ubishi. Alikuwa na ngumi nzito kuliko mtu yeyote duniani. Kilichokosekana ni raundi ya nane. Alizoea kazi ya raundi mbili, na mwili wake ulikuwa umejengwa kwa kazi ya raundi mbili.

Siku mkipata nafasi, nendeni jioni kwenye gym yoyote ya ngumi ya uswahilini kwetu. Bati juu, feni haizunguki, begi limeshonwa kwa turubai likajazwa matambara. Simameni pembeni mtazame vijana wawili wakipasha. Raundi ya kwanza, ngumi ikitoka inarudi shavuni. Raundi ya pili viwiko vinaanza kuachana na mbavu. Raundi ya tatu tazameni mdomo. Umefunguka, kinga ya meno inaonekana. Mtu mwenye mdomo wazi taya limelegea, na hapo ndipo kocha anapoanza kupiga kelele, mikono juu, mikono juu! Kijana anasikia. Anataka. Mikono haipandi. Akili inaiona ngumi inakuja, na bega halitii.

Ukichoka, unajificha wapi? Ulingo una kamba pande nne. Hakuna wa kubadilishwa naye. Hakuna kupunguza mwendo, kwa sababu mwendo si wako peke yako. Mkimbiaji aliyechoka anapitwa. Mwanangumi aliyechoka anavunjwa.

Na hili si la kusema kwa mzaha. Tarehe 13 Novemba 1982, Las Vegas, Mkorea mmoja, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini kugombea ubingwa. Wakati ule ubingwa ulikuwa raundi 15. Alisimamishwa raundi ya 14. Siku chache baadaye akafariki. Baada ya hapo ndipo mapambano ya ubingwa yakaanza kupunguzwa kufika raundi 12. Zile raundi tatu hazikuondolewa kwa sababu watazamaji walichoka. Ziliondolewa kwa sababu mle ndani, mwisho kabisa, mtu hana tena kitu cha kujilindia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na mtanisamehe. Ukiniuliza mashine ya pumzi peke yake, nitakupa watu wa theluji na watu wa makasia. Ukiniuliza mchezo unaodai mwili wote, pumzi, miguu, mabega, shingo, macho, na unaokuadhibu papo hapo kila unapopungukiwa na kimoja, ni ngumi. Nafikiri wale Wamarekani walipata jibu sahihi kwa hesabu mbovu.

Sasa kelele hizo zimetoka kwa watu wa Keko, nimewajua.

Lakini ngoja. Sisi wa jogging jibu hili linatuhusu nini? Linatuhusu, kwa sababu kuna tabia imeingia. Mtu anamwona bondia kwenye simu anaruka kamba nusu saa, kesho yake anaruka nusu saa, kesho kutwa magoti yamevimba. Mtu hajawahi kukimbia kilomita tano, amejiandikisha marathoni nzima kwa sababu fulana ni nzuri. Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Wastani! Kipimo chake hakihitaji mashine: unakimbia na bado unaweza kumsimulia mwenzako habari. Ukishindwa kumaliza sentensi, umevuka. Mara moja moja vuka, kwa makusudi, si kila Jumapili kwa sababu umepitwa na mwenye tumbo.

Na joto la Dar mliheshimu. Jasho linalodondoka halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka mwilini, na kwenye unyevu wa Februari hapa pwani halikauki. Ndiyo maana tunaanza alfajiri. Anayekuja saa tatu akataka kufidia, anataka kuwatafutia kazi watu wa msalaba mwekundu.

La mwisho kabisa. Tarehe 26 Juni 2003, Lyon, Ufaransa, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Kameruni na Kolombia, dakika ya 72. Marc-Vivien Foé, miaka 28, kiungo, mtu mwenye mwili wa chuma, alianguka katikati ya uwanja hakuna mtu aliyemgusa. Alifariki siku ile ile. Uchunguzi ukaonyesha misuli ya moyo wake ilikuwa na maradhi. Kuwa fiti na kuwa mzima si kitu kimoja. Kifua kikibana ukiwa unakimbia, ukisikia kizunguzungu, moyo ukidunda ovyo, simama uende hospitali, usiambiwe kaza.

Na jambo moja la kufanya kesho, halina gharama. Ukiamka, kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima. Mtu mzima wa kawaida yuko kati ya 60 na 100. Wakimbiaji wazuri wa mbio ndefu wanashuka chini ya 60, wapo wanaofika 40. Andika. Fanya hivyo kila asubuhi, na baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli utaiona namba inashuka. Asubuhi ukiikuta imepanda ghafla, mwili haujapumzika au kuna homa inakuja, siku hiyo usikimbie.

Meza ya kupima presha iko pale kushoto, chini ya ule mwembe, na wauguzi wameshafika. Wanaume, mstari wenu ninauona una watu wawili. Mama mwenyekiti wa kamati ameniambia nitangaze kwamba asiye na karatasi ya presha hapewi uji. Netiboli, vaeni, mnaanza.